Nyumba ya Bi Nana Ilipopangwa

Nerea alikuwa na jicho la kupanga vitu. Hata wasiompenda walilikubali hilo. Alikuja Lamu kumfuata mumewe, Bramwel, aliyehamishiwa huku kufundisha shule ya msingi, wakapanga vyumba viwili mtaa wa Langoni, vidogo kiasi kwamba ukitaka kufungua mlango sharti kwanza usogeze kiti. Haukupita muda, majirani wakaanza kuja kumtembelea ili tu waone alivyofanya. Chini ya kitanda alisukumia masanduku ya mbao yenye magurudumu. Nyuma ya mlango alitundika mfuko mrefu wa turubai alioushona mwenyewe, wenye vijumba vya viatu, taulo na mwavuli. Sufuria zikapanda ukutani kwa kufuatana ukubwa, na juu ya dirisha akapitisha ubao wa kuwekea vitabu vya Bramwel. Mwenye nyumba moja ya wageni kule Shela akasikia, akamwita. Kisha akaitwa kwingine, na kwingine tena, na kile kilichokuwa mazoea yake tu kikawa kazi yake. Watu walimwita mama wa vikapu, maana kila nyumba aliyoishika aliiachia vikapu vya ukindu vyenye vifuniko, alivyoviagiza kwa mwanamke mmoja wa Siyu aliyejua kuvisuka vikasimama wima bila kulegea.

Simu ya Maram ilimjia mwezi wa Shaabani, wakati watu wanasafisha nyumba kuingojea Ramadhani. Maram alikuwa mzaliwa wa Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, lakini aliolewa Mombasa na huko ndiko alikofanya kazi. Alimweleza Nerea kwamba mama yake, Bi Nana, aliishi peke yake katika nyumba ya ghorofa ya mawe tangu baba yao, Mzee Bwanamkuu, alipofariki. Nyumba ilikuwa imejaa vitu mpaka kwenye ngazi. Wiki iliyopita mama alijikwaa kwenye birika akaanguka, akateguka mkono. Maram alitaka vitu vyote vipate mahali pa kukaa, nyumba iwe nyeupe, ipendeze, na mama apite bila kujikwaa. Kaka yake, Idarus, mwenye duka la vipuri vya mashine za boti, angekuwa karibu kwa lolote litakalohitajika. Nerea alikubali kwa furaha. Nyumba za kale za Mkomani alizitamani siku nyingi, zile zenye zidaka ukutani, vijumba vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, na hakuwahi kupewa hata moja aipange.

Alipobisha hodi, Bi Nana mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Alikuwa mwembamba, msafi, amejitanda leso, mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Alimkaribisha kwa adabu, akamwuliza, "Wewe mwana wa nani?" Nerea akamwambia jina la baba yake na kwamba kwao ni Siaya. Bi Nana akaitikia, akampitisha ndani.

Maram hakutia chumvi. Pale dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni, zilikuwapo makubadhi za kiume zilizokunjamana kwa ukongwe. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari, umefungwa kitambaa chekundu kirefu kama mkono. Birika la chai lilikaa kwenye ngazi, na kando yake bakuli la vidonge vya presha na kikombe kimoja. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa leso ya manjano kwenye kitasa. Msala ulikuwa umetandikwa sakafuni katikati ya chumba, na ilionekana kwamba haukunjwi kamwe. Bakora ya marehemu ilikingamishwa kwenye mlango wa chumba kisichotumika. Sukari ilikuwa dirishani, sabuni ilikuwa juu ya kiti, chanuo na kioo vilikuwa juu ya pipa la maji. Zidaka zenyewe zilikuwa karibu tupu, zina vumbi, zimewekwa sahani chache za kale ambazo hakuna aliyezigusa. Nerea alitoa simu akapiga picha kila pembe, kama alivyofanya kila anapoanza kazi, apate kuonyesha nyumba ilivyokuwa kabla na itakavyokuwa baadaye.

"Birika hili lakaa hapa kwa nini, Bi Nana?" aliuliza.

"Nilione."

"Tukiliweka jikoni hutaliona?"

Bi Nana alimtazama kama mtu anayepima neno. "Kitu nisichokiona kwa mato, mwanangu, kwangu hakipo," alisema.

Nerea alitabasamu. Aliyachukua yale kuwa maneno ya kizee, ya kupokelewa kwa heshima na kupitwa. Baadaye kidogo, walipokuwa juu jikoni, Bi Nana alimwuliza tena yeye ni mwana wa nani, naye akajibu tena. Walipokuwa wakishuka aliulizwa mara ya tatu. Alisema moyoni kwamba labda wazee wa huku ndivyo wanavyozungumza na mgeni. Alilisikia jambo lile, na akaliacha lipite, kwa sababu tayari kichwani mwake zidaka zilikuwa zimeshajaa vikapu.

Kazi ilianza. Fundi wake alikuwa Badawi, seremala asiyependa maneno mengi, ambaye alitengeneza mabenchi yenye mfuniko, ukiketi juu yake ni kiti na ukiinua ni sanduku, na droo ndefu za kuingia chini ya kitanda cha Bi Nana. Bi Nana alimfuata Nerea chumba hadi chumba. Hakugomba. Kila Nerea alipoweka kitu kikapuni na kugeuka, mama yule alikitoa akakirudisha kilipokuwa, polepole, bila chuki, kama anayesahihisha kosa dogo la mtoto. Nerea alisubiri aende kuswali, akakitia kikapuni tena. Mwisho alimpigia simu Idarus, akamwambia kwamba kazi haiendi. Idarus akaja akamchukua mama yake, akampeleka kwa mdogo wa mama, mtaa wa Gardeni, akae huko mpaka nyumba iishe.

Hapo ndipo kazi ilipoenda. Sukari na majani ya chai vilipanda jikoni ndani ya makopo yanayofanana, birika na vikombe vikakaa rafuni. Vidonge vilitiwa kwenye kikapu kidogo ndani ya kidaka, na juu ya kila kikapu Nerea alifunga kipande cha ngozi chenye neno lililoandikwa kwa mkono wake mzuri: DAWA, UZI, TAA, FUNGUO. Msala ulikunjwa ukawekwa kwenye benchi. Leso ya manjano ilifuliwa, ikapigwa pasi, ikaungana na leso nyingine ndani ya droo. Makubadhi na bakora Nerea hakujua azifanye nini, akamwuliza Idarus. Idarus alizitazama kwa muda, akasema baba amekufa miaka mingi, viatu vyake bora vimfae mtu. Akavichukua mwenyewe, akampa mzee mmoja msikitini, pamoja na bakora.

Nyumba ilitoka nzuri kupita zote alizowahi kuzishika. Mwanga wa kiwandani, ule uwanja wa ndani usio na paa, uliingia mpaka vyumbani, ukapiga kuta za chokaa, na katika safu zile za zidaka kila kikapu kilikaa kama kilizaliwa pale. Maram alipotumiwa picha aliandika kwamba analia kwa furaha. Wenye nyumba za wageni walizisambaza. Watu wawili waliuliza kama nyumba hiyo inakodishwa.

Bi Nana alirudishwa asubuhi. Aliingia, akasimama kiwandani, akatazama juu na chini. "Mashallah," alisema. "Nyumba nzuri. Mungu awabariki wenyewe." Kisha akaketi kwenye ncha ya benchi, miguu pamoja, mikono mapajani. Idarus alicheka kwa kuridhika. Nerea aliona kwamba mama hakuvua buibui, na kwamba aliketi kama anayesubiri aitwe. Kitu kilimchoma, lakini alikuwa na simu mkononi anapiga picha za mwisho, na Badawi alikuwa mlangoni anataka kuondoka.

Ramadhani ikaandama. Kila magharibi Idarus alimletea mama futari, na kila alipokuja alikuta ya jana imebaki nusu. Alidhani ni swaumu imemchosha. Alimwambia asifunge, ana ruhusa, ana maradhi. Mama aliitika. Alikuwa mpole kuliko zamani, akisema asante kwa kila jambo, na Idarus aliona kwamba nyumba kuwa safi kumemtuliza.

Siku moja baada ya alasiri Nerea alikwenda sokoni kutafuta mboga, akaona wanawake wamekusanyika kwenye mlango wa nyumba moja ya Langoni. Katikati yao alisimama Bi Nana, peku, buibui imeingia vumbi chini, akimwomba mwenye mlango amwelekeze nyumbani kwa Bwanamkuu. Alisema amekaa kwa watu muda mrefu na mumewe atakuwa na wasiwasi. Mwenye mlango hakumjua. Nerea aliwapenya, akamshika mkono, akasema atampeleka.

Walitembea vichochoroni, kuta na kuta, wakipisha punda. Bi Nana alimfuata kwa imani yote mpaka walipofika mlangoni kwake. Hapo akasimama, akautoa mkono wake.

"Hapa ndipo nilipotoka," alisema. "Watu wake ni wema, sina neno nao. Lakini mgeni siku mbili, mwanangu. Mimi hapa siku zimezidi. Nionyeshe ndia ya kwangu."

Nerea alimbembeleza akaingia. Alimketisha, akampigia Idarus, na alipokuwa akimngoja akapanda jikoni kumtafutia maji. Makopo yale yanayofanana yalikuwa yamekaa vilevile alivyoyaacha, hayajaguswa. Vikombe vilikuwa rafuni, vimeshika vumbi jembamba. Alishuka akafungua kikapu kilichoandikwa DAWA. Vidonge vilikuwamo vyote. Aliketi pale chini ya zidaka na kikapu mapajani, na hapo ndipo alipokumbuka jambo alilokuwa ameliona siku ya kwanza na hakulifikiri: msahafu na vitabu vyote vya Bi Nana vilikuwa vya herufi za Kiarabu, na hata majina ya watoto nyuma ya picha yaliandikwa kwa herufi hizo. Vipande vyake vya ngozi, alivyovitia nakshi kwa siku nzima, kwa mwenye nyumba vilikuwa mapambo.

Idarus alipofika, Nerea alimwambia yote, bila kujipunguzia. Alimwambia kwamba mama yake alikuwa akisahau tangu siku nyingi, na kwamba ile nyumba ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha. Birika kwenye ngazi lilimwambia anywe chai, na alipokunywa chai aliona vidonge. Leso ya manjano ilimwambia choo kiko wapi. Kitambaa chekundu kilimwambia ufunguo. Bakora ilimzuia asiingie chumba ambacho Badawi alikuta sakafu yake imeoza. Idarus alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakumlaumu. Alisema tu, "Basi tuvirudishe."

Walivirudisha usiku huo na kesho yake, Nerea ameshika simu na zile picha za kabla, Idarus akibeba. Msala hapa, sabuni kule, birika kwenye ngazi, mpini wake ukielekea ukutani kama ulivyokuwa. Bi Nana aliwatazama. Walipomaliza alipita polepole akigusa kimoja kimoja, na alipofika kwenye birika aliliinua, akapanda nalo jikoni, akarudi na chai. Akajimiminia kikombe, akakinywa amesimama, akachukua kidonge kimoja akakimeza. Idarus aligeukia ukuta akajifuta uso.

Kisha mama akatoka dakani, akatazama sakafuni.

"Bwanamkuu ametoka?" aliuliza.

Nerea na Idarus wakatazama pamoja naye. Mahali pa makubadhi palikuwa patupu. Miaka yote aliyoishi peke yake, kila alipopita pale alikuwa akiona viatu vya mumewe mlangoni, na viatu vikiwa mlangoni mwenyewe yu ndani, hana haja ya kuuliza. Sasa viatu havipo, basi mwenyewe ametoka. Bi Nana akaketi kwenye kiti cha mawe kumngoja.

Tangu siku hiyo alikaa dakani kutwa. Alikula kidogo, akimwekea mumewe sehemu kubwa. Idarus alikwenda msikitini kumtafuta yule mzee aliyempa viatu, akaambiwa amerudi kwao Chundwa. Alimfuata kwa boti mpaka huko, akamkuta. Yule mzee akamwambia kwa masikitiko kwamba makubadhi zilikatika mkanda na amezitupa. Alitoa bakora, Idarus akaja nayo. Idarus akanunua makubadhi nyingine, akazisugua mchanga, akaziweka juani, akaziweka mlangoni. Mama alizitazama mara moja tu. "Tuna mgeni," alisema, akaagiza kiongezwe kikombe.

Maram alikuja siku chache kabla ya Idi. Mama yake alimpokea vizuri akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe Bi Nana, aliyekufa zamani. Nerea alikuwepo. Kwa kweli alikuwa akija kila siku, akileta uji, akiketi dakani na Bi Nana, ingawa Bramwel alimwambia nyumbani kwamba hii si kazi yake tena na haimsaidii mtu. Maram alimwita juu jikoni. Alizungumza kwa sauti ya chini, na kwa hiyo ilikuwa vibaya zaidi.

"Nilikwambia uipange nyumba," alisema. "Sikukwambia umtoe mama yangu ndani yake."

Nerea alisema anajua.  Maram alimwomba asije tena, naye akateremka, akampita Bi Nana pale mlangoni. Bi Nana alimshika upindo wa nguo akamwuliza kama huko atokako amemwona Bwanamkuu ndiani. Nerea alisema hakumwona.

Hakwenda tena. Habari alizipata kwa Badawi, na Badawi alimpa kidogo kidogo kama mtu anayehofu kumwaga. Maram aliomba ruhusa kazini akabaki. Daktari alisema ugonjwa wa kusahau ulianza kitambo, hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na ungefika ulikofika kwa vyovyote, pengine si kwa haraka hivi. Nerea aliyarudia maneno yale ya mwisho mara nyingi, akipika, akifua. Alikataa kazi mbili. Ya tatu aliikubali kwa sababu kodi haingoji huzuni, lakini alipofika kwenye ile nyumba alisimama katikati ya chumba na vikapu mikononi, hakuweza kuanza, akarudi nyumbani.

Mvua za masika zilipopamba, Bi Nana aliacha kukaa dakani, akalala ndani. Hakuumwa sana. Alifariki baada ya alfajiri, watoto wake wote wawili wako kando yake, na kabla ya adhuhuri maiti ikawa tayari.

Nerea alisikia tangazo la msikiti, akajitanda leso akaenda. Alikusudia kusimama nje tu, kwenye ukuta wa upande wa pili, atoe heshima zake aondoke. Lakini wanawake walikuwa wakiingia kwa wingi na mvua inanyesha, wakamsukuma pamoja nao mpaka kiwandani. Wanaume walikuwa wamekwisha kuondoka na jeneza. Ndani kulikuwa na fujo ya kimyakimya. Watu wamefika kuliko walivyotarajiwa na hawana pa kuketi, kahawa imechemka na vikombe havionekani, na wanawake wa ukoo wanafungua mlango huu na kufunga ule, wanaulizana mikeka iko wapi, sinia za marehemu ziko wapi. Maana Idarus na yeye walirudisha vile vitu vidogo tu vya kila siku. Vyombo vya shughuli vilikuwa bado pale alipoviweka.

Alingoja mtu mwingine akumbuke. Hakuna aliyekumbuka. Basi akainua mfuniko wa benchi la kwanza akatoa mikeka, na la pili akatoa mingine. Akavuta droo ya chini ya kitanda kile kitupu, ambacho godoro lake lilikuwa limeshakunjwa, akatoa mashuka. Akapanda, akashusha sinia nyuma ya pazia alilolishona yeye. Vikombe vya kahawa aliviteremsha kutoka kidaka cha juu, ndani ya kikapu, vyote vizima, vimefungwa vitambaa kimoja kimoja. Wanawake wakaanza kumwuliza yeye. Mama, kuna ubani? Mama, ndoo ya kunawia? Akawa anajibu na kuleta, anajibu na kuleta, na kila alichokiendea alikikuta.

Bibi mmoja mtu mzima, jamaa wa mbali wa marehemu, aliyekuja kutoka Siyu na mvua yote ile, aliketi juu ya mkeka akatazama kuta. "Nana aliiweka nyumba yake vizuri," alisema. "Kila kitu kina mahali pake. Wangapi wa rika letu wanakufa wakaacha nyumba hivi?" Wengine wakaitikia, wakamsifu marehemu kwa usafi na mpango wake, na kumwombea.

Nerea aliingia kwenye kichumba cha chini akashika ukuta. Maram alimkuta humo. Macho yake yalikuwa yamevimba, na mkononi ameshika buli la kahawa. Nerea alianza kusema kwamba anaondoka, hakukusudia kuingia. Maram alitikisa kichwa.

"Ramadhani ya mwaka juzi aliniuliza mimi ni mwana wa nani," Maram alisema. "Mimi. Nikacheka, nikabadilisha maneno. Nikarudi Mombasa nikajiambia ni ile nyumba, imejaa vitu, imemchanganya akili. Ikipangwa atakuwa sawa." Aliliweka buli chini. "Ulifanya nilichokutuma. Nilikutuma ili nisitazame."

Nerea alimwambia kwamba na yeye aliulizwa, mara tatu asubuhi moja, na hakutaka kusikia. Walisimama hivyo, hawakushikana mikono wala kuombana radhi. Huko nje kisomo kilikuwa kimeanza, sauti za wanawake zikipanda na mvua juu yake.

"Vikombe havitoshi," Maram alisema mwishowe. "Kuna vingine?"

"Vipo," Nerea alisema, akaenda kuvileta.